Jezi Namba Moja na Mama Mkwe

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, katikati ya uwanja, tumbo wazi, mbele ya Kamina nzima na wageni wa benki.

Nawaandikia nyinyi wawili, Pascal na Ngoy, kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine. Barua hii inapanda ndege kesho asubuhi pamoja na wageni wenyewe, na ndani ya ndege hiyo hiyo kuna mkanda wa mpiga picha wao. Wamesema picha zitatundikwa ukutani huko Lubumbashi, kwenye ukumbi wa benki, pale watu wanapopanga foleni. Siku mkiingia mkaona picha ya mwanaume asiye na kichwa amekaa ndani ya ngoma, mjue ni mimi. Afadhali mnisikie mimi kwanza.

Mnajua hali yetu tangu vita hii ianze. Treni inakuja ikipenda. Ndege za jeshi zinapita juu ya paa la shule mpaka chaki inanidondoka mkononi. Katika hali hiyo, mwezi uliopita ikafika barua kutoka benki moja ya huko kwenu. Eti wana mpango wa kusaidia vijana: afya, utamaduni na michezo. Watatoa jezi, mipira, ngozi mpya za ngoma, na kubwa kuliko yote, sanduku la dawa kwa zahanati yetu, pamoja na daktari atakayekuja mara kwa mara kuwapima vijana bure. Sharti lao lilikuwa moja. Siku wakija, wakute timu ya vijana kumi na mmoja, chini ya miaka kumi na minane, wazima, wenye majina kwenye orodha. Wasipoikuta, kila kitu kinarudi ndani ya ndege na kupelekwa mji mwingine.

Jezi tungeweza kuziacha. Watoto wetu wamezoea kucheza kifua wazi na mpira wa matambara. Lakini dawa! Mlimjua Ilunga, winga wetu wa kushoto, yule aliyekuwa akicheka hata akikosa goli. Mvua zilizopita tulimzika. Malaria tu. Kwinini haikuwepo mjini, nami ndiye niliyezunguka na baiskeli kuitafuta hadi mama yake alipotuma mtu aniambie niache. Kwa hiyo nilipoliona neno "dawa" katika ile barua nililisoma mara tatu, nikaapa kwamba sanduku lile halitarudi kwenye ndege nikiwa hai. (Ndiyo maana nilifanya nilichokifanya. Kumbukeni hilo mtakapoanza kucheka.)

Shida ilikuwa ile orodha. Siku hizi karatasi yenye majina ya wavulana ni kitu cha kutisha. Kuna karatasi zilishapita mitaani kwetu. Waliandikwa majina, kisha wenye majina wakapanda lori wakawa makadogo, askari watoto, wamevaa viatu vya jeshi vinavyowapwaya miguuni. Tangu hapo, mama wa Kamina hata ukimfuata na orodha ya ubatizo anakuapia kwamba hajawahi kuzaa mtoto wa kiume. Wiki mbili nilizunguka nyumba kwa nyumba.

"Mama, ni benki. Si jeshi."

"Benki? Minyi sina feza, mutoto yangu hana feza. Benki inatafuta nini kwake?"

"Inataka acheze mpira."

"Mwalimu, weye mwenyewe unaamini hiyo?"

Swali hilo likifika nilikuwa naomba maji ya kunywa. Lakini nilibembeleza, nikaapa kwa jina la marehemu baba yangu, na mpaka jana jioni nilikuwa na vijana kumi na mmoja kamili. Nililala kama mfalme.

Leo asubuhi wakawa kumi.

Aliyekosekana ni Kasongo, kipa. Mama yake alibadili mawazo akamficha, na hakuna aliyekubali kusema wapi. Habari hiyo niliipata kwa Mwalimu Banza, kocha wetu. Banza anafundisha mazoezi ya viungo, ingawa kwa tumbo lake mngedhani anafundisha mapishi.

"Hakuna mutoto mwingine?" nikamuuliza.

"Haiko. Bamama balibafunga bote."

"Na ndege?"

"Saa tatu iko hapa."

Banza akaanza kunitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, vile watu wanavyomtazama mbuzi sokoni.

"Weye uko mufupi," akasema.

"Asante."

"Na kifua iko ya mutoto."

"Banza, hapana."

"Unatosha tu ile mustashi."

Kuyaondoa masharubu! Mnayajua masharubu yangu. Nimeyafuga tangu mwaka niliopata diploma. Yanaheshimiwa mpaka ofisini kwa wilaya. Mke wangu Mwamba aliniambia waziwazi kwamba ndiyo yaliyomfanya akubali posa. Banza aliyanyoa nyuma ya darasa la tano, kwa wembe mkavu na kipande cha sabuni ya kufulia, nami nilifumba macho nikifikiria sanduku la dawa. Nilipojitazama kwenye kioo cha baiskeli nilimwona mdogo wangu ambaye sijawahi kuwa naye. Miaka thelathini na minne imegeuka kumi na saba. (Ndivyo alivyosema Banza. Banza anahitaji miwani.) Pete ya ndoa nikaivua, nikaitia katika soksi.

Wale vijana kumi waliponiona walicheka hadi wakakaa chini. Halafu kapteni wao akauliza kwa adabu:

"Mwalimu, leo tunakuita weye nani?"

"Kasongo," nikasema. "Leo mimi ni Kasongo, kipa."

"Sawa. Kasongo, kimbia utuletee maji ya kunywa."

Nikaenda kuleta maji. Ningefanya nini?

Saa nne wageni wakafika. Walikuwa watatu. Kulikuwa na Madame Odette, mama mnene mchangamfu ambaye benki imemkabidhi mpango wote. Kulikuwa na daktari kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Na kulikuwa na mpiga picha, ambaye sitamsamehe. Uwanja ulikuwa umejaa akina mama, akina baba wazee, wasichana wa kwaya, watoto wadogo na kuku wawili watatu. Wavulana wa umri wa kucheza hawakuwepo, isipokuwa wetu kumi. Kumi na mmoja, samahani.

Tulianza na afya. Tukapanga mstari mbele ya meza ya daktari, mizani upande huu, kisanduku upande ule. Zamu yangu ikafika.

"Jina?"

"Kasongo."

"Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

"Fungula kinwa."

Nikafungua. Akachungulia muda mrefu, akaleta na tochi.

"Hii jino ya nyuma, banaitosha lini?"

"Zamani sana," nikasema. Kisha nikakumbuka umri wangu. "Yaani, wiki iliyopita."

Akashika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza taratibu. Pete ilikuwa kwenye soksi, lakini alama yake ilikuwa pale pale kidoleni, nyeupe, imezunguka vizuri. Daktari akaitazama. Akanitazama. Nikaangalia kuku.

"Kijana," akasema kwa sauti ya chini, "hii vita inakuzeesha mbio."

"Ndiyo, dokta."

"Kwenu kuko batoto badogo?"

"Watatu."

"Balale mu chandarua. Kila siku. Unasikia?"

Akanipa kidonge cha minyoo cha kutafuna, kile cha watoto, chenye ladha ya chungwa, akasubiri mpaka nikimeze. Kwenye kadi yangu akaandika: "Mzima. Apumzike." Yule daktari ni mtu mwema sana, na laiti angekuwa na moyo mbaya akanifukuza pale pale, haya mengine yasingetokea.

Baada ya afya, utamaduni. Hapo Madame Odette akasimama akatangaza jambo ambalo hatukuambiwa kabla.

"Bamama!" akaita, ameinua jezi moja juu. "Mutoto akienda safari, nani anamuvalisha? Ni mama! Leo batoto habavae mayo beye peke yabo. Kila mama wa ngoma atavalisha mutoto mumoja, kwa mikono yake!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Nami nilipiga makofi. (Kwa nguvu! Mjinga mimi!)

Akina mama wa kikundi cha ngoma wakajipanga, kumi na mmoja, wote kitenge kimoja, wote vilemba vya namna moja. Sisi tukasimama mbele yao, mmoja kwa mmoja.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya Pascal, ambaye si Muluba. Pascal, kwetu mama wa mke wako humwangalii usoni. Hamli pamoja, hampeani mikono, na kumwonyesha kifua chako ni balaa ambalo hata sijui jina lake. Mama mkwe wangu alikimbia vita kutoka Mulongo, kwa wavuvi wa mtoni, miezi mitatu iliyopita, anaishi kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Akija kwangu anakaa nyuma ya ukuta wa jikoni na kumwambia mwanangu mkubwa: "Muulize baba yako kama alilala muzuri." Nami namwambia mtoto: "Mwambie nyanya nililala vizuri." Mtoto hasemi kitu, kwa sababu wote tumeshasikia. Tukikutana njiani, yeye anaingia majani upande mmoja, mimi upande mwingine. Siku moja tulichagua upande mmoja kwa bahati mbaya, tukasimama katika majani tumepeana migongo mpaka mvua ikatunyeshea.

Hivyo, katika miaka tisa ya ndoa, uso wake siujui. Naijua miguu yake tu, maana nikisikia anakuja natazama chini. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha; jembe liliuondoa. Na yeye uso wangu haujui. Anaijua sauti yangu, basi. Mambo mengine ya mama mkwe mtu haulizi, kuuliza ni kukosa adabu. Kwa hiyo hakuna aliyeniambia kwamba amejiunga na kikundi cha ngoma.

Nadhani mmeshaona mahali ninapoelekea. Mimi sikuona.

"Tosheni mashati!" akasema Madame.

Nikavua shati.

"Angalieni huku!" akasema mpiga picha.

Nikaangalia kwake, nikatabasamu tabasamu la miaka kumi na saba, nikainua mikono. Mama aliyekuwa mbele yangu akanitupia jezi namba moja kichwani, na dunia ikawa kijani.

Jezi zile zilishonwa kwa ajili ya watoto. Ile ya kipa ina mikono mirefu na shingo nyembamba, na mimi nina kichwa cha mwalimu. Kilifika nusu kikakataa kuendelea. Mikono imenasa juu, kichwa kimo ndani, na kuanzia kifuani mpaka kiunoni nimebaki kama nilivyozaliwa. Nilisikia wenzangu kumi tayari wamevaa, watu wanawapigia makofi. Mimi bado.

"Vuta, mama!" wakaanza kupiga kelele. "Vuta ile mayo!"

Yule mama akavuta. Ana mikono iliyozoea kuvuta nyavu, nguvu zake si za mchezo. Akavuta kulia, akavuta kushoto. Akakanyaga mguu wangu ili apate kujikaza vizuri. Kisha, Mungu wangu, akanipiga kofi dogo la upendo tumboni.

"Rudisha tumbo ndani, mutoto yangu," akasema. Jezi ilikuwa imeniziba masikio, na kelele za uwanja zikaimeza sauti yake.

Nikarudisha. Akavuta tena, na masikio yangu yakakunjika kama barua.

"Pole pole, mama!" nikasema kutoka ndani ya jezi. "Masikio!"

Kuvuta kukakoma.

Mikono ya yule mama ilikuwa bado imeshika jezi, lakini haikuwa inatikisika hata kidogo. Nikashangaa. Nikainamisha kichwa, nikachungulia chini, kwenye mwanya kati ya jezi na kifua changu. Niliona majani. Niliona mguu wangu. Na juu ya mguu wangu niliona mguu mwingine, wa kushoto, wenye kidole gumba kisicho na ukucha.

Nikafumba macho, kwa adabu.

"VIDYE WAMI!" akalia mama mkwe, akimwita Mungu kwa Kiluba, na nina hakika hata kule mbali Malemba-Nkulu walimsikia. "Ni bwana wa Mwamba!"

Akaachia jezi, akakimbia. Mimi nami nikakimbia. Kukimbia ndiyo heshima yenyewe; ukishamkuta mama mkwe namna hiyo unaondoka mbele yake haraka iwezekanavyo. Ila mimi nilikuwa sioni. Kichwa ndani, mikono juu, nikaanza mbio kama mtu anayejisalimisha kwa jeshi zima.

"Kushoto, mwalimu!" nikasikia Banza.

Nikaenda kushoto.

"Si hiyo kushoto! Eko mbele yako! Unamufuata!"

Naapa mbele yenu sikujua. Lakini walioona wanasema nilimfukuza mama mkwe wangu nusu uwanja, kifua wazi, yeye analia "Mumukamate!" na mimi nalia "Samahani, mama!", na kila nikiomba msamaha anaisikia sauti na kuongeza mbio. Mwisho nikakwaa gogo la moto. Pale kando ya uwanja wapiga ngoma walikuwa wamewasha moto wa kukazia ngozi, na ngoma kubwa ilikuwa imesimama karibu nao. Nikaruka, nikageuka, nikakaa. Ngozi ile ilikuwa ya zamani sana (ndiyo maana tulizitaka zile mpya). Ikapasuka, nikazama mpaka magotini, miguu na mikono vimeelekea juu.

Kacha! Mpiga picha huyo.

Vumbi lilipotulia, nikasikia viatu vya Madame Odette vinakaribia.

"Huyu mutoto," akasema taratibu, akimaanisha mke, "eko na bibi?"

Mama mkwe alikuwa amejificha nyuma ya wasichana wa kwaya, amegeuza uso kando. Hata katika hali ile hakuacha desturi. Alimwambia msichana mmoja, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima:

"Mwambie ule mama wa benki: eko na bibi, na eko na batoto batatu. Na ni mukwe muzuri! Hanipigake kelele hata siku moja. Minyi sijue leo shetani gani inamuingia."

Watu walikuwa wameanza kucheka. Sasa wakaacha, kwa sababu wote walielewa kilichotokea. Orodha ni ya uongo. Timu ni ya uongo. Sanduku la dawa lilikuwa bado juu ya meza, halijafunguliwa, na ndege ilikuwa bado kwenye uwanja wa ndege inasubiri.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Lakini niwaambie jambo moja: kusema ukweli ni rahisi sana ukiwa na jezi usoni. Kama ningekuwa namwona yule mama machoni ningetunga uongo wa pili.

"Madame," nikasema kutoka ndani ya ngoma, "kosa ni langu, si la watoto. Mimi ni mwalimu wao. Kipa wetu amefichwa na mama yake. Na wengine wengi wamefichwa na mama zao, siyo kwa sababu hawapendi mpira. Mlisema mnataka orodha ya majina. Hapa orodha ya majina ya wavulana ilishachukua watoto, na hawajarudi. Mama hawezi kujua karatasi ipi ni ya mpira na ipi ni ya bunduki. Mimi nilitaka dawa. Mwaka jana tulizika mtoto mmoja kwa kukosa dawa. Basi."

Nikasikia karatasi inakunjuliwa.

"Nani mukubwa wa bamama hapa?"

Mama mmoja mzee akaitika.

"Shika hii. Ni majina bote. Haiko ingine, ni hii moja tu. Fanya na yo vile unapenda."

Yule mzee hakuuliza mara mbili. Akaiweka kwenye moto wa ngoma, hapo hapo miguuni pangu, na nilisikia harufu yake ikiungua.

"Na kule benki utabaambia nini?" Banza akauliza.

"Nitabaambia nilihesabu miguu," akasema Madame Odette, "nikagawanya kwa mbili."

Mama wa kwanza kuangua kicheko alikuwa mama yake Kasongo. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaweka mikono kinywani akaita jina la mtoto wake. Na Kasongo akatokea! Mnajua alikuwa wapi? Hatua hamsini kutoka kwetu, nyuma ya choo cha shule, amesimama juu ya ndoo, ameona kila kitu tangu mwanzo. Kisha mama mwingine akaita, na mwingine. Wakaanza kutoka. Walitoka jikoni, walitoka chini ya vitanda, walitoka katika magunia ya mahindi na vumbi la unga kichwani. Mmoja alitoka amevaa kitambaa cha kichwani na gauni la dada yake, akalivua akikimbia. Nilikuwa nimefikiri mji wetu umebaki bila vijana. Walikuwepo. Tulikuwa tunaishi nao bila kuwaona.

Banza alinitoa kwenye ngoma kwa kunivuta miguu, na jezi akaitoa kwa kunivuta kichwa. (Nimepima. Nadhani nimerefuka.) Jezi ikaenda kwa mwenyewe, Kasongo. Mama yake alimvalisha polepole, akamnyoosha kola, akamshika mabega kwa muda kidogo kabla ya kumwachia. Wakagawanyika timu mbili, tena wakabaki wa akiba tele. Daktari alipima mpaka saa kumi na moja jioni bila kula.

Mimi sikutazama mchezo. Madame alinipa sanduku nilipeleke zahanati, nami nikalibeba kichwani peke yangu, nikakataa kusaidiwa. Ni zito. Njiani nilimkumbuka Ilunga, nikalia. Semeni mnachotaka, nililia, na bila masharubu machozi yanafika kinywani upesi sana.

Nyumbani nilimkuta Mwamba mlangoni. Alikuwa ameshasikia. Alitaka kukasirika, naapa alijaribu. Alikaza uso, akashika kiuno, akanitazama pale juu ya mdomo palipokuwa na heshima yangu, kisha akaingia ndani akajifungia. Nilisikia kitanda kinatikisika kwa kicheko chake kwa nusu saa.

Aibu ya namna hii kwetu haiachwi hivi hivi, lazima ioshwe. Nikamkamata jogoo wetu mweupe, nikamtuma mwanangu mkubwa ampelekee nyanya yake, pamoja na maneno ya kuomba msamaha niliyomkaririsha mara nne. Amerudi sasa hivi, na beseni la samaki wakavu kichwani, wale wa Mulongo, wanono.

"Nyanya amesema nini?" nikamuuliza, moyo juu juu.

"Amesema usihangaike. Amesema hakuona kitu."

"Hakuona kitu?"

"Kitu chochote. Alifumba macho."

Nikamshukuru Mungu, nikakaa. Mtoto akaendelea kusimama pale.

"Kuna nini tena?"

"Amesema mama akusongee bukari zaidi, ule na hawa samaki, maana mbavu zako zinahesabika. Na lile doa chini ya kitovu ulipake mafuta ya mawese."

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, kwa urafiki wetu wote, msicheke, na ile picha mkiiona benki mpite kimya. Mama mkwe wangu hakuona kitu, na nyinyi hamjasoma kitu.